Sakafu Iliyosingiziwa

Wako watu ambao wakiingia mahali wasipopazoea hutazama kuta kwanza, na wengine hutazama sura za wenyeji. Fundi alitazama chini. Miaka ishirini na minane ya kulaza vigae ilimzoesha hivyo, hata siku ile aliyofikishwa hospitali akiwa amelala ubavu kwenye kiti cha nyuma cha gari la kuazima, mke wake amemshika kichwa, shemeji yake anaendesha polepole kama aliyebeba mayai. Walipomtoa na kumsimamisha mapokezi, jasho likimchuruzika, neno lake la kwanza halikuwa la maumivu.

"Huyu alianzia ukutani," alisema, akiitazama mistari ya vigae iliyokwenda upogo mpaka kwenye kaunta. "Angeanzia katikati ya chumba, mistari isingemkimbia."

"Baba Pacha," mkewe alimwambia, "mgongo umekatika, mdomo je?"

Kazini walimwita Pima Maji, kwa jina la kile kifaa cha mafundi, ule ubao mwembamba wa bati wenye kichupa cha maji ndani, ambao kiputo chake kikitulia katikati unajua mahali pamelala sawa. Walimwita hivyo kwa sababu yeye hakukihitaji. Alikuwa akipiga goti moja, akifumba jicho la kushoto, kisha anasema, "Upande wa dirisha umezama. Unene wa kucha." Wabishi walipima, wakakuta kweli. Baada ya miaka michache hakuna aliyebisha tena. Likisemwa jambo la sakafu na Pima Maji, limesemwa.

Watu hudhani kazi ya vigae ni ya mikono. Mikono hucheza tu pale mwisho. Kazi yenyewe ni ya magoti na kiuno: kuinama asubuhi, kuinama mchana, kubeba maboksi ghorofa ya tatu kwa ngazi ambazo bado hazina reli, kisha kurudi kuinama. Akiwa na miaka thelathini alikuwa anaamka na mgongo mkavu. Akiwa na arobaini alijifunza kushuka kitandani kwa kujiviringisha. Alipofika hamsini, moto uliwaka kwenye kalio la kushoto, ukashuka nyuma ya paja, ukapita ubavuni mwa shavu la mguu mpaka kidole gumba, kama waya wa umeme uliochomekwa na mtu akasahau kuuchomoa. Hakumwambia mtu. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye walilaza naye vigae bega kwa bega kwa miaka ishirini, ndiye aliyeona kwanza. Naye hakusema. Alianza tu kuyabeba maboksi yote peke yake, na akiulizwa na mwenye nyumba alisema, "Mimi napenda mazoezi."

Waliendelea kusitiriana hivyo kwa miaka minne, mpaka siku Fundi alipobaki kwa miguu minne katikati ya ukumbi wa ofisi fulani, uso umeelekea chini, hatikisiki.

"Shemeji, umeangusha nini?"

"Njia ya kusimama," alisema Fundi.

Shemeji alicheka. Kisha akaona matone ya jasho yanadondoka kwenye kigae kutoka puani na kidevuni kwa shemeji yake, akaacha kucheka.

Daktari bingwa wa mgongo alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kulieleza jambo lile lile mara elfu. Aliwaonyesha picha. Pingili mbili za chini zilikuwa zimeteleza, moja imeikalia nyenzake vibaya, na mishipa ya fahamu iendayo mguu wa kushoto imebanwa kama kamba iliyofungiwa mlango.

"Tukiiacha hivi, huu mguu utakufa," alisema. "Si wewe, mguu. Utakuwa nao lakini hautakuwa wako. Tukifungua, tutaondoa kinachobana na kuzifunga pingili kwa vyuma na skrubu."

"Nitapiga goti tena?"

"Nakuzungumzia mguu, wewe unanizungumzia goti. Tuuokoe mguu kwanza."

Ni kwa ajili ya mguu huo, basi, Fundi aliweka sahihi.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na sakafu ya mpira iliyomiminwa, isiyo na mstari hata mmoja, na hilo lilimtia hofu kuliko visu. Macho yake hayakuwa na mahali pa kushika. Wakamwambia ahesabu. Akahesabu mpaka nne.

Alipozinduka alikuwa mzito. Hakuhisi maumivu mwanzoni, alihisi uzito tu, kana kwamba alipokuwa amelala walimjaza saruji na sasa imekauka. Maumivu yalifika jioni, yakapata pa kukaa. Manesi wawili walikuwa wakija kila baada ya saa chache kumgeuza. "Kama gogo, baba. Usijisaidie. Wewe ni gogo." Naye alikuwa gogo. Alikuwa na mpira wa mkojo, na mrija uliotoka mgongoni ukidondosha damu nyembamba kwenye chupa, na mkono wa kulia uliofungwa dripu. Siku nzima dunia yake ilikuwa ni dari. Aliichukia dari kwa sababu hakuijua.

Lakini siku ya pili walimsimamisha. Aliyekuja kumsimamisha alikuwa binti mmoja mwenye mikono mifupi yenye nguvu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye wodi nzima ilimwita Kocha. Alimfunga mkanda mpana kiunoni, akamwekea fremu ya kutembelea mbele, akasema, "Haya baba, tunakwenda juu kwa hesabu ya tatu, na mbili hatuitaji kwa sababu kwenye mbili watu huanza kuogopa. Moja. Tatu!"

Fundi alijikuta yuko wima. Akangoja moto wa mguuni. Haukuja. Akangoja tena, kama mtu anayesikiliza mlango ambao kwa miaka minne umekuwa ukigongwa usiku na mchana. Kimya. Akatazama ukutani ili binti yule asiyaone macho yake.

"Unalia, baba?"

"Mafua."

"Mgonjwa wa kitanda cha kumi na moja naye alipata mafua hayo hayo," alisema Kocha. "Yanaambukiza humu."

Siku ya tatu alitembea mpaka mlangoni na kurudi. Wakamtoa mrija wa mgongoni. Mkewe alimpigia simu kila mmoja wa watoto wao pacha, walioko mbali kikazi, akawaambia baba yao anatembea kama askari wa gwaride.

Huenda kama angekuwa amelala vizuri mambo yangekwenda vingine. Lakini hospitali haimlazi mtu. Humlaza kitandani tu. Huamshwa kupimwa joto, huamshwa kuulizwa kama amelala, huamshwa kumeza dawa ya usingizi. Kufikia siku ya nne Fundi alikuwa na uchovu ambao hakuwahi kuujua hata katika miaka ya maboksi na ngazi. Ule wa kazi ulikuwa na mwisho, unauona ukuta unakaribia, safu tatu, safu mbili, moja. Huu haukuwa na ukuta. Alikuwa amechoka mpaka kwenye kope. Alikuwa amechoka kujibu, na kitu pekee kilichomsimamisha ni kujua kwamba lile kubwa limeshapita. Ameshakatwa. Ameshafungwa. Hakuna cha kuanza upya.

Asubuhi hiyo ya nne, katika hatua ya saba au ya nane kwenye korido, unyayo wake wa kushoto ulitua kabla hajautuma. Pa! Akainua mguu tena, na tena unyayo ukaanguka, pa, kama kofi la mtu mvivu. Ncha za vidole zikakwaruza kigae.

Kocha alisimama. "Baba, unaburuta mguu."

"Siburuti," alisema Fundi, na kabla hajafikiri aendelee na neno gani, neno lilikuwa limeshatoka. "Sakafu imeinama."

"Imeinama?"

"Tazama." Alielekeza kwa kidevu. "Bafu liko kule kushoto. Aliyejenga amevuta mteremko kutoka humu kwenye korido ili maji ya kudekia yakimbilie kwenye tundu la bafuni. Kosa la kawaida. Ukitembea, mguu wa kushoto unakuta chini pako mbali kuliko ulivyotarajia. Lazima upige."

Alilieleza vizuri. Aliongeza unene wa saruji na upana wa mstari. Kocha alijua majina ya misuli yote ya mwili, lakini sakafu hakuijua, akaitazama korido kama anaiona kwa mara ya kwanza.

"Kumbe," alisema.

"Hata mimi nimekuwa nikihisi mteremko huo," alidakia Mwalimu, mzee mstaafu wa kitanda cha jirani, akipaza sauti kutoka kitandani kupitia mlango wa wodi uliokuwa wazi. Mwalimu alikuwa amevunjika nyonga, na alikuwa hajakanyaga chini kwa wiki mbili.

Ajabu ni kwamba Fundi mwenyewe aliamini. Au tuseme aliamini kwa nusu ile iliyokuwa macho, na nusu nyingine akaiacha ilale. Alikuwa amezoea maisha yake yote kwamba kitu kikienda upande, kosa liko chini. Milango inayokwama, meza zinazotikisika, maji yanayotuama: ameitwa mara ngapi, na mara ngapi amepiga goti akasema, "Hapa"? Haikumjia kabisa kwamba sakafu inaweza kuwa sawa na yeye akawa ndiye aliyeinama. Na pale fikira hiyo ilipojaribu kuingia, uchovu ulisimama mlangoni ukaifukuza. Akisema mguu umelegea, watamrudisha kwenye chumba kile kisicho na mistari. Watafungua tena palipofungwa. Atakuwa gogo tena. La. Sakafu imeinama.

Jioni nesi wa zamu alipita na faili lake, mbio mbio.

"Miguu inacheza?"

"Inacheza, sista."

"Nisukume kwa nyayo." Akaweka viganja chini ya nyayo zake. Fundi akasukuma. Kusukuma chini aliweza, tena kwa nguvu. Kuinua vidole juu ndiko kulikomshinda, na hilo hakuulizwa. Nesi akaandika, akaenda kitanda cha pili.

Siku ya tano unyayo ulianguka zaidi. Alijifunza kuinua goti juu sana, kama mtu anayevuka kizingiti, ili vidole visikwaruze. Kocha alimtazama kwa muda mrefu.

"Leo nimepita pale pale nikijisikiliza," alisema. "Mimi mbona siuoni mteremko?"

"Wewe una miguu mizima. Mguu mzima unasamehe."

"Hmm," alisema Kocha. "Kesho nitamwita daktari akutazame."

"Aje atazame sakafu," alisema Fundi, na wodi ikacheka, naye akacheka, na kicheko kilimuuma kwenye mshono.

Mkewe hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mfuko mapajani. Alikuwa amezoea kumsoma mumewe kwa namna anavyokunja shuka, na siku mbili hizi alikuwa analikunja sana.

"Baba Pacha, kuna kitu?"

"Nimechoka, mke wangu. Ni hilo tu."

Na hilo halikuwa uongo.

Siku ya sita, saa za kutazama wagonjwa, shemeji aliingia wodini moja kwa moja kutoka kazini, vumbi la saruji kwenye nyusi, mfuko wa zana begani. Alikuwa amesikia kwa dada yake kwamba binti mmoja wa hospitali anambishia Pima Maji jambo la sakafu, na ilimchoma.

"Yuko wapi huyo anayebisha?" aliuliza.

"Ndimi," alisema Kocha, aliyekuwa anamfunga Fundi mkanda. "Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, wewe una shule, sikatai. Lakini huyu mtu amewahi kuwaambia wakandarasi wabomoe ukumbi mzima, wakabomoa, wakamshukuru. Akisema imeinama, imeinama. Ila kwa kuwa humu mnaamini vipimo tu," akaingiza mkono kwenye mfuko, "nimekuja na kipimo."

Akatoa pima maji ndefu, ile ya urefu wa mkono na nusu, akaipangusa kwa shati. Fundi alifungua mdomo aseme kitu, waache, haina haja, lakini tayari msafara ulikuwa unatoka: shemeji mbele, Kocha, mkewe, wagonjwa wawili wenye magongo waliochoka kutazama kuta, na Mwalimu kutoka kitandani akipaza sauti, "Anzeni pale mlangoni! Pale ndipo ninapohisi!"

Fundi alikuja nyuma na fremu yake. Pa. Pa.

Shemeji alipiga magoti katikati ya korido. Ilikuwa mara ya kwanza Fundi kumwona kwa juu, kisogo chake chenye mvi ambazo hakuwa na habari nazo. Akailaza pima maji kwa kukingama. Akainama, jicho karibu na kichupa. Akangoja kiputo kitulie.

Akaisogeza hatua moja kuelekea bafuni, akangoja tena. Kisha akaigeuza, kulia kuwa kushoto, kama fundi afanyavyo anapokishuku kifaa chenyewe. Akatazama. Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono.

"Eeh?" alisema Kocha. "Inasemaje?"

Shemeji aliinua uso. Alimtazama Fundi, kisha unyayo wa Fundi, uliolala kwenye kigae kama kitu kilichoachwa na mtu mwingine.

"Imeinama," alisema. "Kidogo. Lakini imeinama."

Miaka ishirini ni mingi. Katika miaka hiyo Fundi alimwona shemeji yake akiwadanganya wenye nyumba kuhusu siku ya kumaliza, na wauza saruji kuhusu foleni, na dada yake kuhusu mahali walipokuwa. Hakuwahi hata siku moja kumsikia akidanganya juu ya kiputo. Hilo lilikuwa jambo moja ambalo wawili hao hawakuligusa. Na sasa amelifanya, mbele ya watu, akiwa amepiga magoti, kwa ajili yake. Alikuwa amebeba boksi jingine.

Uongo ulikuwa pale tayari, umeandaliwa, umetiwa muhuri na kifaa. Kilichobaki ni Fundi kurudi kitandani. Na alitaka kitanda, Mungu anajua alivyokitaka.

"Shemeji, inuka," alisema.

"Nasema kidogo tu, siyo..."

"Inuka. Usiisingizie." Akamgeukia Kocha. "Sakafu iko sawa, mwanangu. Ni mguu. Hauinuki."

Kocha alikuwa ameshachuchumaa, mkono juu ya unyayo wake.

"Inua vidole."

Fundi alituma. Alituma kwa nguvu zake zote, mpaka shingo ikasimama mishipa. Vidole havikupokea.

"Tangu lini?"

"Ile asubuhi ya kwanza nilipokwambia."

"Juzi!" Binti aliinuka, uso umembadilika. "Juzi, baba! Na mimi nikakuamini. Nimesomea miguu mimi, nikakuamini habari za maji ya kudekia!" Akageuka akakimbia kuelekea chumba cha manesi, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo, kwa wote isipokuwa yeye. Kitanda cha magurudumu, picha, daktari mfupi na sauti ile ile. Damu ilikuwa imevuja ndani baada ya mrija kutolewa, ikaganda, ikaukalia mshipa ule ule waliotoka kuukomboa. Ingewezekana kuitoa. Ingekuwa bora kuitoa juzi. Ataingia leo, sasa hivi, kabla ya wengine.

Mkewe alitembea kando ya kitanda mpaka kwenye milango miwili isiyoruhusu jamaa.

"Kwa hiyo siku mbili ulikuwa unaisingizia sakafu," alisema.

"Nilichoka."

"Na mimi unadhani nimepumzika?" Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti kumbadilika. "Sakafu haina masikio. Mimi ninayo mawili. Ungeniambia mimi, nikachoka na wewe." Kisha akalikunjua shuka mumewe alilokuwa amelikunja kwenye ngumi, akalitandaza vizuri kifuani pake, na wakamsukuma ndani.

Safari hii alihesabu mpaka mbili.

Akawa gogo tena. Aligeuzwa tena, akaamshwa tena. Wakati mwingine aliamka akidhani bado ni ile mara ya kwanza, kwamba mguu bado unamngoja mbele, mzima, na ilimlazimu ajikumbushe. Asubuhi ya kwanza daktari alimchoma kwa ncha ya kalamu kutoka gotini kushuka. Hapa? Nahisi. Hapa? Nahisi. Hapa? Hapo kama kupitia kitambaa. Inua vidole. Hakuna.

"Mshipa umebanwa muda mrefu kuliko ninavyopenda," alisema daktari. "Unaweza kuamka, unaweza kuamka nusu, unaweza usiamke. Sitakupa tarehe. Tutajua kwa miezi." Alifunga faili, kisha akalifungua tena, labda kwa sababu naye alikuwa amechoka na hakutaka kurudi na deni la neno. "Ungenyamaza siku mbili zaidi nisingekuwa na hiyo 'unaweza' ya kukupa. Na ile habari ya goti uliyoniuliza. Vigae basi, mzee wangu. Mguu uamke usiamke, vigae basi."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alidhani neno hilo lingempiga, lakini lilikuta mahali palipokwisha kupigwa.

Shemeji hakuonekana kwa siku tatu. Alipokuja alikaa ukingoni mwa kiti, mikono katikati ya mapaja.

"Nilitaka kukusitiri," alisema.

"Najua."

"Nilikuona umechoka. Nikasema, mwache alale."

"Najua, shemeji." Fundi aliutafuta mkono wake bila kugeuza mwili, kwa sababu magogo hayageuki. "Umenibebea maboksi miaka minne ukisema unapenda mazoezi. Hilo nalo nilikuwa nalijua."

"Kweli nayapenda."

"Una kitambi."

Walicheka kidogo kidogo, kwa tahadhari, mmoja kwa ajili ya mshono na mwingine kwa ajili ya kilio. Kisha Fundi alimwambia atafute mtu wa kulaza naye, asimngoje. Shemeji akasema ataona. Wote wawili walijua maana ya ataona, wakaliacha hapo.

Kocha alikuja kila siku. Hakumsamehe upesi, wala hakujisamehe. Sasa alimpima vidole kabla ya salamu. Alimfundisha kutembea na kibao cha plastiki kilichoshika unyayo usianguke. "Umeinuka?" "Haujainuka." "Sawa." Aliandika. Kesho yake hivyo hivyo. Fundi aligundua kwamba kusema haujainuka kulichosha pia, lakini uchovu wake ulikuwa tofauti. Baada yake mtu aliweza kulala.

Siku ya kuruhusiwa, mkewe alifika mapema na nguo za nyumbani. Soksi ziliingia. Kiatu cha kulia kiliingia. Cha kushoto kilikataa. Vidole vilijikunja ndani kama vya mtoto mchanga, viganja vya mkewe vikasukuma, kiatu kikateleza.

Alichuchumaa pale chini, akapumua, akakilegeza kamba mpaka mwisho.

"Nisaidie," alisema. "Inua vidole kidogo tu."

"Ninainua."

"Sioni."

"Ninainua hivyo hivyo."

Aliingiza kidole chake gumba ndani ya kiatu, chini ya vidole vya mumewe, akavishika hapo. Wodi ilikuwa inadekiwa. Mwalimu, ambaye sasa alikuwa anakaa kitako, alijifanya anasoma.

"Tena," alisema mkewe.

Fundi alifumba macho. Hakutazama chini. Alituma, kutoka mbali sana, kutoka juu ya vyuma na skrubu na mishono miwili, kama anayemwita mtu ng'ambo ya uwanja bila kujua kama yupo.

Kiatu kikaingia.

Mkewe alibaki ameinama, kidole kimebanwa ndani, hakukitoa.

"Ni wewe huyo," aliuliza, "au ni mimi?"

"Sijui," alisema Fundi. "Wewe umehisi nini?"

"Sijui. Kama kitu. Pengine mkono wangu."

Walitazamana. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kubishana, wala za kufurahi kabla ya wakati. Mkewe akakitoa kidole, akafunga kamba, mafundo mawili, akajishika kwenye ukingo wa kitanda ili asimame. Fundi akampa mkono. Haukuwa mkono wa kumvuta mtu, lakini aliushika.

"Jioni tutakivua," alisema mkewe, "tujaribu tena."